Mwenye Kuzalisha na Deni Lake

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuifundisha kauli ya kutendesha. Mwanafunzi husema: "Sungura amezaa." Mwalimu humtaka aibadili sentensi hiyo, naye hujibu: "Juma amezalisha sungura." Darasa hupiga makofi, kisha somo huendelea. Lakini katika mabadiliko hayo madogo limetokea jambo lisilo dogo. Katika sentensi ya kwanza tulikuwa na mnyama peke yake, akitenda lililo katika maumbile yake. Katika sentensi ya pili ametokea mtu, na kitendo kimekuwa chake. Yeye ndiye aliyemtia dume katika kizimba cha jike; bila yeye, wana wale wasingalikuwapo. Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo sarufi imelifungua na kuliacha wazi: je, mtu anayesababisha kiumbe kizaliwe, ana deni gani kwa kiumbe hicho?

Tumemchagua sungura kwa sababu yu karibu nasi. Katika nyua za nyumba za Jinja, pale Mto Nile unapoliacha Ziwa Victoria, na katika nyua za Mbale, chini ya Mlima Elgon, sungura ni miongoni mwa wanyama wa kwanza ambao mtoto hukabidhiwa awatunze. Hahitaji malisho mapana kama ng'ombe, wala hapigi kelele kama mbwa. Hula majani ya viazi vitamu, nyasi na magugu yang'olewayo shambani. Mtoto humpa jina, humpapasa masikio, na kujifunza kwake maana ya kuwa na mtu anayemtegemea. Hali kadhalika, hakuna mnyama afugwaye nyumbani ambaye ni rahisi zaidi kuzalishwa bila kufikiri. Ndiyo maana anafaa kwa mjadala wetu.

Kwanza hatuna budi kuondoa utata wa jina. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayemshinda fisi na kumdhihaki simba, si huyu aliyeko kizimbani. Yule wa mbugani huzaliwa akiwa na manyoya na macho yaliyofunguka, na baada ya muda mfupi huweza kujitupa majanini na kujificha. Huyu wa kizimbani asili yake ni Ulaya ya kusini-magharibi, katika nchi za Hispania na Ureno. Huzaliwa uchi, kipofu, ndani ya kiota ambacho mama yake amekitandika kwa manyoya aliyoyanyofoa kifuani na tumboni mwake mwenyewe. Wawili hawa hawawezi hata kuzaliana. Kiswahili kimewapa jina moja, na pengine jina hilo limetupotosha, kwani tumezoea kuamini kwamba Sungura hujitafutia njia. Sungura wa hadithi hujitafutia. Huyu wa kizimbani hana njia ila ile tuliyomfungulia sisi.

Hapa mtu aweza kutoa hoja nzito. Atasema: "Kumzalisha mnyama ni kumpa uhai, na uhai ni zawadi. Hata akiishi kwa shida, si afadhali kuwapo kuliko kutokuwapo? Basi mwenye kuzalisha hana deni. Yeye ndiye anayedai." Hoja hii inavutia, lakini haisimami. Kabla ya dume kupelekwa kwa jike, hakuna mwana yeyote anayesubiri mahali fulani akilalamika kwamba amecheleweshewa kuzaliwa. Ukijizuia, hujamnyima mtu wala mnyama yeyote kitu. Lakini siku ya thelathini na moja baada ya kupandisha, wana wakishazaliwa, wapo. Wana njaa, wana baridi, na waweza kuumia. Kwa hiyo mizani ya jambo hili hailingani pande zote mbili. Kutozalisha hakumdhulumu yeyote. Kuzalisha bila matayarisho kwaweza kuwadhulumu saba kwa mara moja. Mwenye kuelewa hivi atatambua kwamba wakati wa kufikiri ni kabla ya kupandisha. Baada ya hapo, kazi iliyobaki ni kulipa.

Deni lenyewe hulipwaje? Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tukilitazama kwa makini, malezi ya sungura ni kulinda kukua kwake. Kitenzi "kukua" hakikubali kutendewa na mwingine. Hakuna awezaye kukua kwa niaba ya mwenzake. Sisi twaweza "kukuza" tu, yaani kuweka chakula, hewa, usafi na utulivu, kisha kumwachia mnyama afanye lililo lake. Na ili tujue kama anakua, sharti tupime.

Mwana wa sungura wa aina zile kubwa kiasi huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 50 au 60 hivi. Akinyonya vyema, uzito huo huongezeka mara mbili kabla ya siku nane kwisha. Macho hufunguka karibu na siku ya kumi. Katika juma la tatu huanza kutoka kiotani na kuonja majani. Kumwachisha kunyonya kabla ya juma la tano ni kumharakisha, na wengi hupendelea kungoja hadi la sita au zaidi. Baada ya hapo, sungura anayelishwa majani katika nchi zetu za joto huongezeka gramu 10 hadi 20 kwa siku. Yule anayelishwa chakula kilichosindikwa viwandani, katika nchi za baridi, hufikia gramu 35 au 40. Mtu asiyejua tofauti hii hukata tamaa anapolinganisha mnyama wake wa Mbale na mnyama wa kitabuni, akadhani mnyama wake ni mgonjwa, kumbe anakua kwa kiasi cha chakula chake. Ama hufanya kosa la pili: humjaza pumba na mahindi ili amfikie yule wa kitabuni, na tumbo la sungura, lililoumbwa kwa ajili ya nyasi, likavurugika hata akafa.

Kwa hiyo ukuaji wenye afya si ule wa kasi kuliko yote. Ni ule usiokatika. Anayepima kila juma kwa mizani ndogo, kisha akaandika katika daftari, hutafuta mstari unaopanda kidogo kidogo. Mstari huo ukilala bapa, au ukishuka, kuna jambo: pengine maziwa hayatoshi, pengine ni kuhara, pengine nduguze wanamsukuma mbali na chakula. Faida ya kupima ni kwamba sungura ni mnyama anayewindwa, na maumbile yamemfundisha kuficha maradhi yake. Atakapoonekana mgonjwa kwa macho, aghalabu muda umekwisha kupita. Mizani humsemea asiyeweza kusema. Kwa maoni yetu, huu ni wajibu wa kimaadili kama ulivyo wa kitaalamu: mwenye kumfungia mnyama asiyelia ana wajibu wa kutafuta njia ya kumsikia.

Tena kuna kujua ambako hutuzuia tusiingilie. Sungura jike huwanyonyesha wanawe mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huwaacha. Mtoto anayechungulia kutwa nzima asimwone mama kiotani hudhani wana wametupwa, akawatoa, akawashikashika na kuwarudisha, hata mama akafadhaika. Huruma ipo, tena ya kweli. Ujuzi ndio uliopungua. Huruma isiyo na ujuzi yaweza kuua kiota kizima.

Tumgeukie mama. Jike wa sungura anaweza kushika mimba mapema, hata kabla mwili wake haujakomaa; na akishazaa, anaweza kupokea dume siku ile ile au ya pili yake. Wengi husikia neno "anaweza" wakalielewa kuwa "anafaa". Haya ni maneno mawili tofauti, na kuyachanganya ni chanzo cha madhara mengi. Jike wa aina ya wastani hupandishwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitano hivi, na zaidi ya umri hutazamwa uzito: awe amefikia kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa mtu mzima wa aina yake. Ikiwa mtu mzima ana kilo 4, basi angoje hadi kilo 3 na gramu 200. Akibebeshwa mimba mapema, wana na mama watagombea chakula kile kile ndani ya mwili mmoja; wana watazaliwa dhaifu, na mama atadumaa. Na jike anayeishi kwa majani matupu hawezi kunyonyesha na kubeba mimba kwa pamoja bila kuulipia mwili wake. Apewe nafasi hadi wana waachishwe, arudishe nyama yake, ndipo aulizwe tena. Hata joto lina usemi wake: hewa ikizidi nyuzi 30 za Selsiasi, kama inavyoweza kutokea chini ya bati jua la Jinja linapowaka, sungura huteseka, kwa kuwa hawezi kutoka jasho kama sisi, na dume aweza kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa majuma kadhaa. Kivuli cha mti ni sehemu ya deni.

Msomaji asije akadhani kwamba tunahubiri kuchelewa kama kwamba kuchelewa ndiko wema. La hasha. Tumtazame simbilisi, mnyama mdogo anayefugwa na kaya nyingi katika Kivu, mashariki ya Kongo. Kwake yeye hatari huwa kinyume. Jike wa simbilisi asipozaa mara ya kwanza kabla ya miezi saba hivi, mifupa ya nyonga yake huweza kushikana, na akipata mimba baadaye huenda akashindwa kujifungua akafa. Kinachomwokoa sungura humwua simbilisi. Hapa ndipo tunapoona kwamba maadili ya ufugaji hayawezi kuwa kanuni moja ya "ngoja" au "harakisha". Kipimo sharti kitoke katika maumbile ya mnyama mwenyewe, si katika pupa ya mwenye nyumba wala katika methali moja aliyoipenda.

Sasa tufike penye kishawishi kikubwa, nacho ni hesabu. Jike mmoja akizaa mara nne kwa mwaka, wana sita kila mara, hao ni 24. Wale wa uzao wa kwanza watakuwa tayari kuzaa kabla mwaka haujaisha. Hesabu hii huandikwa katika karatasi kwa dakika tano, na humfurahisha kila anayeisoma. Lakini karatasi haina kizimba, haina kinyesi, wala haihitaji majani wakati wa kiangazi. Anayeifuata bila kuuliza hujikuta ana wanyama kumi mahali pa watatu, madume yakipigana hata kuumizana vibaya, wagonjwa wakiwaambukiza wazima. Hapo huanza kuwagawa kwa yeyote anayepita, naye hajui kama mpokeaji ana hata ubao wa kujengea. Swali la kuuliza kabla ya kupandisha ni rahisi kulitamka: kila mmoja wa hawa atakaozaliwa atakwenda kwa nani, na kwa kazi gani? Asiyeweza kulijibu, na amtenge dume. Kumtenga dume hugharimu ubao na misumari; hakumgharimu mtu shule wala elimu ya juu.

Na kuna jibu moja ambalo hatupaswi kulificha. Sungura wengi wa kwetu hufugwa wapate kuliwa, na mwandishi wa makala haya hawashutumu walao. Nyama ile ni chakula bora, na kaya nyingi zinaihitaji. Ubaya huingia pale mnyama mmoja anapopewa ahadi mbili. Mtoto huambiwa: "Huyu ni wako, mpende, mpe jina." Ikifika sikukuu, anarudi kutoka shuleni akute kizimba kitupu na chungu jikoni. Hapa aliyedhulumiwa zaidi ni mtoto, kwani amefundishwa kwamba neno la mtu mzima hudumu hadi njaa inapopiga hodi. Iwapo mnyama ni wa kuliwa, mtoto na aambiwe tangu mwanzo. Watoto wa wafugaji huyaelewa mambo haya vizuri kuliko tunavyodhani. Iwapo ni wa kupendwa, basi aendelee kupendwa hata atakapozeeka, naye akitunzwa vizuri aweza kuishi miaka minane au zaidi.

Swali letu si la Uganda pekee. Katika milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, yuko mnyama mdogo aitwaye chinchila, ambaye manyoya yake mororo yalimponza hata akakaribia kutoweka. Mwaka 1923 Mmarekani Mathias Chapman aliwachukua 11 walio hai kutoka Chile hadi Kalifornia, na hao hutajwa kuwa chimbuko la wengi wanaofugwa leo. Chinchila hubeba mimba siku 111, huzaa mmoja au wawili, nao huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Ni mnyama wa baridi; joto la kawaida la mchana wa Jinja laweza kumwua. Wafugaji wamemzalisha kwa rangi mbalimbali, na imebainika kwamba mimba inayorithi rangi nyeupe kutoka kwa baba na kutoka kwa mama haiishi. Mfugaji mwangalifu, basi, hawakutanishi weupe wawili. Kwetu sisi hatari iliyo sawa na hiyo ni kuwapandisha ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu tu ya kutoandika nani ni mwana wa nani. Meno ya sungura hayaachi kuota. Ukoo wenye urithi mbaya ukijirudia, huzaliwa wana ambao meno ya juu hayakutani na ya chini, yakarefuka hata mnyama akashindwa kula mbele ya majani tele. Daftari la senti chache na kubadilishana madume na jirani wa mtaa wa mbali huzuia mateso hayo.

Atatokea wa kuuliza: "Mwalimu, kwetu kuna watoto wa watu wasioshiba. Falsafa ya sungura yatufaa nini?" Swali hili ni la haki na lastahili jibu lisilo la kejeli. Kwanza, tuliyoyataja si anasa: kumtenga dume, kungoja uzito, kuweka kivuli, kuandika majina. Maskini ayaweza, na tajiri aweza kuyapuuza. Pili, aliye na njaa ndiye anayepata hasara kubwa zaidi wana wanapokufa kwa jike kuchoshwa. Lakini tusijifiche nyuma ya faida. Hata pale ambapo uzembe ungeleta fedha, bado ungekuwa uzembe. Umaskini hutupunguzia tunavyoweza kutoa. Hautupi ruhusa ya kuongeza idadi ya wanaotudai.

Wala wazo hili si geni. Mbale ni mji wenye makanisa na misikiti. Hapo ndipo kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu mwaka 1988. Na katika vilima vilivyo karibu wanaishi Abayudaya, jamii iliyoifuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoishika mwaka 1919. Waislamu husimuliwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Wakristo husoma katika kitabu cha Mithali kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Wayahudi hufundishwa na wahenga wao kwamba mtu asianze kula kabla hajawalisha wanyama wake. Tuitazame kwa makini ile hadithi ya paka. Kosa la mwanamke yule halikuwa njaa peke yake, bali njaa iliyoambatana na mlango uliofungwa. Aliyefunga mlango alichukua nafasi ya mbuga, akawa ndiye mvua na majani ya mnyama yule. Na mwenye kuzalisha amekwenda mbele zaidi ya aliyefunga mlango, kwa sababu wale waliomo ndani hawakuwahi kuwa nje.

Kwetu walimu, jambo hili lina nafasi darasani. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, tunahitaji insha zenye mambo ambayo mwanafunzi wa Jinja au Mbale anayaona kwa macho yake. Na apewe kazi ya kuandika kwa majuma sita uzito wa mwana mmoja wa sungura, na habari zake. Atajifunza tarakimu, nyakati za vitenzi, na majina ya majani. Atajifunza pia kwamba "zaa", "zalisha", "nyonya", "nyonyesha", "kua" na "kuza" hazitofautiani kwa viambishi tu. Kila inapoingia kauli ya kutendesha, mwalimu na amwulize: ni nani aliyetendesha, na je, yuko tayari kujibu? Mwanafunzi atakayelizoea swali hilo kwa sungura atakuwa nalo mkononi siku atakapokabidhiwa kilicho kikubwa zaidi.